Maambukizi ya Mama Mjamzito na Akili ya Mtoto: Historia ya Uchunguzi wa Zaidi ya Karne

Maambukizi anayoyapata mama akiwa mjamzito yanaweza kumdhuru mtoto kwa namna mbili. Ya kwanza huonekana mapema: mimba huharibika, au mtoto huzaliwa mfu, haoni, hasikii, au moyo wake una kasoro. Ya pili hukawia. Mtoto huzaliwa na viungo vyake vyote, hukaa, hutambaa, kisha dalili za usonji hujitokeza katika mwaka wa pili au wa tatu. Mwingine hukua vizuri hadi sekondari, na anapokaribia miaka 20 huanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii na kushikilia mawazo yasiyo na msingi, hali ambayo madaktari huiita skizofrenia.

Ukawiaji huo ndio uliochelewesha elimu ya jambo hili. Kati ya homa ya siku nne na ugonjwa wa akili unaodhihirika robo karne baadaye, mama huwa ameshaisahau homa hiyo na daktari aliyemtibu ameshastaafu. Waliofanikiwa kuunganisha mambo hayo mawili walikuwa wale waliopata kumbukumbu zilizoandikwa wakati ule ule: madaftari ya kliniki, takwimu za sensa, rejesta za hospitali, na damu iliyohifadhiwa kwenye barafu. Kila aina ya kumbukumbu ilijibu swali moja na kuibua jingine.

Kaswende na mwanzo wa kliniki za wajawazito

Kaswende ilikuwa miongoni mwa maambukizi ya kwanza kuthibitishwa kuwa yanaweza kuharibu akili ya mtu, na pia kwamba hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Katika karne ya 19 hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya zilikuwa na watu wengi waliokuwa wakipooza polepole huku wakipoteza kumbukumbu na busara. Hali hiyo ilijulikana kuwa ugonjwa wa watu wazima, lakini mwaka 1877 daktari Thomas Clouston wa Edinburgh, Uskoti, alieleza hali hiyo hiyo kwa kijana. Baadaye ilibainika kuwa vijana wa aina hiyo walizaliwa na kaswende.

Ushahidi ulikamilika ndani ya miaka minane. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann waliwaona bakteria wa kaswende kwa hadubini mjini Berlin. Mwaka uliofuata August Wassermann alitoa kipimo cha damu, na mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore waliwakuta bakteria hao ndani ya bongo za wagonjwa wa akili waliofariki. Kuanzia hapo haikuwezekana tena kusema kwamba kila ugonjwa wa akili ni wa kurithi au ni matokeo ya mwenendo mbaya.

Edinburgh hiyo hiyo ndipo fikra ya kumtunza mtoto kabla hajazaliwa ilipopata mtetezi wake mkubwa. John William Ballantyne alitenga kitanda cha wajawazito wagonjwa katika hospitali ya uzazi ya mji huo mwaka 1901, na katika miaka iliyofuata akachapisha kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya mtoto aliye tumboni. Kabla ya hapo mwanamke alionwa na daktari au mkunga siku ya uchungu. Kliniki ya wajawazito, ambayo leo ni jambo la kawaida kutoka Kigoma hadi Lamu, ilikua kutokana na juhudi kama hizo.

Katika Afrika Mashariki pia hofu ya kaswende ilichangia kuanzishwa kwa huduma za uzazi. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alidai kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda, nchini Uganda, walikuwa na ugonjwa huo. Hospitali ya Mulago ya Kampala ilianza mwaka 1913 ikiwa kituo cha magonjwa ya zinaa. Albert Cook wa Hospitali ya Mengo na mkewe Katharine nao wakaanzisha shule ya kuwafundisha ukunga wasichana wa Uganda. Watafiti wa baadaye walionyesha kuwa madai ya Lambkin yalitiwa chumvi, kwani buba, ugonjwa wa ngozi unaowapata watoto na unaosababishwa na bakteria wa jamaa moja na wale wa kaswende, ulikuwa ukihesabiwa kuwa kaswende. Hata hivyo mafunzo ya wakunga yaliendelea kudumu baada ya hofu hiyo kupita.

Sydney, 1941: macho meupe ya watoto wachanga

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kuwa, ukiiacha kaswende na maradhi machache, kondo la nyuma humkinga mtoto na magonjwa ya mama. Imani hiyo ilivunjwa na daktari wa macho.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 Norman McAlister Gregg, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Sydney, Australia, aliona wingi usio wa kawaida wa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho. Katikati ya mboni palikuwa na weupe mzito, mara nyingi kwa macho yote mawili. Watoto hao walikuwa wadogo, walinyonya kwa shida, na wengi wao walikuwa na kasoro ya moyo. Familia zao hazikuwa na historia ya mtoto wa jicho, kwa hiyo urithi haukuweza kueleza kwa nini wametokea wengi namna hiyo kwa mara moja. Inasimuliwa kwamba Gregg aliwasikia akina mama wawili wakizungumza nje ya chumba chake, kila mmoja akieleza kuwa aliugua rubella mimba ilipokuwa changa. Alipohesabu miezi kurudi nyuma, aliona kwamba mwanzo wa mimba hizo uliangukia mwaka 1940, wakati rubella ilipoenea Australia, ikiwamo katika kambi za askari waliokuwa wakijiandaa kwa vita.

Rubella ni ugonjwa wa vipele unaofanana na surua lakini mwepesi zaidi. Wengi hupona kwa siku chache bila dawa. Ndiyo sababu hakuna aliyeushuku. Gregg aliwaandikia wenzake wa miji mingine, akakusanya watoto 78, na mwezi Oktoba 1941 akasoma taarifa yake Melbourne mbele ya madaktari wenzake wa macho. Katika watoto hao, 10 tu ndio ambao mama zao hawakuwa na habari ya kuugua rubella.

Wengi nje ya Australia hawakusadiki. Mwaka 1944 jarida la The Lancet la London liliandika kuwa Gregg hajathibitisha hoja yake. Pingamizi hilo lilikuwa na msingi: alianza na watoto wagonjwa kisha akawauliza mama zao habari za nyuma, na mama mwenye mtoto mgonjwa hukumbuka kila kilichompata zaidi ya mama mwenye mtoto mzima. Charles Swan na wenzake wa Adelaide walifanya uchunguzi wao na kuunga mkono matokeo ya Gregg, wakaongeza uziwi katika orodha ya madhara.

Jibu la kukata shauri lilitoka kwenye sensa. Mwaka 1951 mtaalamu wa takwimu Oliver Lancaster alichambua hesabu za viziwi katika sensa za Australia. Katika sensa ya 1911 viziwi walikuwa wengi kupita kiasi katika rika la miaka 10 hadi 14; katika sensa ya 1921 wingi huo ulikuwa umehamia rika la miaka 20 hadi 24. Ni watu wale wale, waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 19, ugonjwa wa rubella ulipoenea. Makarani wa sensa walikuwa wamerekodi athari za mlipuko huo miaka 40 kabla ya yeyote kujua maana ya takwimu hizo.

New York, 1964: kutoka macho hadi tabia

Hadi hapo madhara yaliyojulikana yalikuwa ya macho, masikio, moyo na ulemavu wa akili. Hatua ya kuingia katika afya ya akili yenyewe ilifanyika Marekani, baada ya mlipuko mkubwa wa rubella wa 1964 na 1965. Watu wapatao milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara ya ugonjwa huo. Virusi vya rubella vilikuwa vimeshapatikana maabara mwaka 1962, hivyo watoto hawa, tofauti na wale wa Sydney, waliweza kupimwa.

Mjini New York daktari wa akili za watoto Stella Chess aliwachunguza watoto 243 wa kundi hilo. Mwaka 1971 alitangaza kuwa 18 kati yao walikuwa na usonji, 10 wenye dalili kamili na 8 wenye sehemu ya dalili. Wakati huo usonji ulikadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 2,000 hivi. Miongoni mwa watoto waliopata rubella tumboni ulimpata zaidi ya mmoja kati ya 14.

Uzito wa matokeo hayo unaeleweka kwa kuangalia mafundisho ya zama hizo. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama ambaye malezi yake husababisha skizofrenia. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu kilichofundisha kuwa usonji hutokana na mama asiye na upendo kwa mwanawe. Maelfu ya akina mama waliambiwa na wataalamu kuwa wao ndio walioharibu akili za watoto wao. Takwimu za Chess zilikuwa sehemu ya ushahidi ulioyavunja mafundisho hayo. Ubongo wa mtoto ulikuwa umeumizwa na kirusi kabla mama hajapata hata nafasi ya kumpakata.

Watoto hao waliendelea kufuatiliwa. Walipokuwa watu wazima, Alan Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza tena wale walioweza kupatikana, na mwaka 2001 wakaripoti kuwa takriban mmoja kati ya watano alikuwa na skizofrenia au ugonjwa wa jamii hiyo. Kundi lilikuwa dogo, watu 50 na ushei, na wengi wao walikuwa viziwi, jambo ambalo lenyewe hubadili maisha ya mtu. Lakini tofauti na watu wa kawaida, ambao chini ya mmoja kati ya 100 hupatwa na skizofrenia, ilikuwa kubwa mno kupuuzwa.

Helsinki, 1957: kusoma kalenda

Rubella ni ugonjwa mmoja, na kirusi chake huingia moja kwa moja katika mwili wa mtoto. Swali lililobaki ni kama maradhi ya kila siku, hasa mafua makali, nayo yana madhara. Dalili za awali zilikuwapo. Baada ya janga la mafua la 1918, Karl Menninger wa Boston alieleza habari za wagonjwa 100 waliochanganyikiwa akili walipougua au baada ya kuugua mafua. Lakini hao waliugua wao wenyewe. Mwaka 1929 Moritz Tramer wa Uswisi aligundua kuwa wagonjwa wa akili walikuwa wamezaliwa kwa wingi zaidi katika miezi ya baridi. Tafiti nyingi za baadaye katika nchi za kaskazini zilikuta kuwa vizazi vya majira ya baridi na mwanzo wa masika vina skizofrenia zaidi kwa asilimia 5 hadi 8. Majira ya baridi ni majira ya mafua, lakini pia ni majira ya kukosa jua na mboga, hivyo msimu peke yake haukuthibitisha kitu.

Mlipuko wa 1957 ulitoa nafasi nzuri zaidi. Kirusi cha mafua cha mwaka huo kilikuwa kipya, watu wachache sana walikuwa na kinga nacho, na kule Helsinki, mji mkuu wa Finland, kilipita kwa kasi kati ya Oktoba na Novemba. Sarnoff Mednick, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake, akiwamo Matti Huttunen wa Finland, waliwatafuta katika rejesta za hospitali za akili watu waliozaliwa katika miezi tisa iliyofuata mlipuko huo. Kwa kuwa tarehe za mlipuko na za kuzaliwa zilijulikana, iliwezekana kujua kila mmoja alikuwa na umri gani tumboni mafua yalipopita. Mwaka 1988 walitangaza kuwa waliokuwa katika miezi mitatu ya kati ya mimba walipatwa na skizofrenia zaidi ya wengine. Katika miezi hiyo chembe za neva husafiri kutoka zilikozalishwa kwenda kwenye tabaka la juu la ubongo, na Mednick aliona kuwa kuvurugwa kwa safari hiyo kungeweza kueleza matokeo yake.

Utafiti huo ulizua msururu wa tafiti nyingine. Uingereza na Wales ziliunga mkono mwaka 1991. Takwimu za Uskoti zilitoa majibu yanayopingana, na Uholanzi na Kroatia hazikukuta kitu. Udhaifu wa mbinu ulikuwa wazi: tarehe inaonyesha kuwa mafua yalikuwapo mjini, haionyeshi kuwa mama fulani aliugua. Wajawazito wengi wa Helsinki hawakuugua kabisa, na bado watoto wao walihesabiwa kuwa waliguswa na mlipuko.

Timothy Crow na John Done walijaribu kuuziba udhaifu huo. Uingereza ilikuwa imewaandikisha watoto wote waliozaliwa katika juma moja la Machi 1958, na mama zao waliulizwa mara tu baada ya kujifungua kama waliugua wakiwa wajawazito. Watoto hao walikuwa katika miezi ya kati tumboni mlipuko ulipopita. Mwaka 1992 Crow na Done waliripoti kuwa watoto wa akina mama waliougua mafua hawakuwa na skizofrenia zaidi ya wengine. Hata hivyo neno la mama lina mipaka yake, kwani homa nyingi huitwa mafua bila kuwa mafua, na wengine huambukizwa wasijue. Kilichohitajika ni ushahidi kutoka mwilini mwa mama mwenyewe.

Oakland: damu iliyosubiri miaka 40

Ushahidi huo ulikuwapo California. Kuanzia mwaka 1959 Jacob Yerushalmy aliwaandikisha wajawazito wa eneo la Oakland waliokuwa katika mpango mmoja wa bima ya afya. Alitaka kujua mambo yanayoathiri ukuaji wa mtoto kwa jumla. Skizofrenia haikuwa shabaha yake. Damu ilichukuliwa mara kwa mara katika kipindi cha mimba, majimaji yake yakatengwa na kugandishwa. Kazi ya kuandikisha ilikwisha katikati ya miaka ya 1960, na chupa zikabaki kwenye majokofu.

Zaidi ya watoto 12,000 wa mimba hizo waliweza kufuatiliwa kwa rekodi za matibabu za mpango ule ule hadi utu uzima. Brown, Ezra Susser na wenzao waliwatambua waliopata skizofrenia, wakawatafutia wenzao wa kulinganisha wenye umri na jinsia ile ile, kisha wakazitoa chupa za mama zao. Kingamwili za mafua katika damu iliyochukuliwa kwa nyakati tofauti zilionyesha nani aliambukizwa na lini. Mwaka 2004 walitangaza matokeo ya wagonjwa 64 na watu 125 wa kulinganisha: mafua katika nusu ya kwanza ya mimba yaliambatana na hatari mara tatu hivi, na katika miezi mitatu ya kwanza hata mara saba. Lakini walioguswa walikuwa wachache sana, na watafiti wenyewe walieleza kuwa kwa idadi ile bahati haikuweza kuondolewa kabisa.

Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilikuta kuwa wingi wa kingamwili za toksoplazma kwa mama uliambatana na hatari mara mbili na nusu hivi. Toksoplazma ni kimelea kinachopatikana katika kinyesi cha paka na katika nyama isiyoiva, na tangu mwisho wa miaka ya 1930 kilijulikana kumwingia mtoto tumboni. Stephen Buka, akitumia damu ya akina mama wa Providence, Marekani, alihusisha malengelenge ya sehemu za siri na ugonjwa wa akili wa watoto wao. Damu ya Oakland haikuonyesha hivyo. Finland nayo, tangu 1983, imehifadhi damu inayobaki baada ya wajawazito kupimwa kaswende na maradhi mengine, na mwaka 2014 watafiti walioitumia waliripoti kuwa akina mama wenye kiwango kikubwa cha protini inayopanda wakati kinga ya mwili inapopambana walikuwa na watoto wenye skizofrenia kwa wingi zaidi.

Pasadena: kinga ya mama yenyewe

Damu hiyo ilileta fumbo. Kirusi cha mafua ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Kama hakimfikii mtoto, humdhuru vipi?

Paul Patterson wa chuo cha teknolojia cha California, mjini Pasadena, alilipeleka swali hilo kwa panya. Mwaka 2003 yeye, Limin Shi na wenzao waliripoti kuwa panya wenye mimba walioambukizwa mafua ya binadamu walizaa watoto wasiopenda kuchunguza mahali pageni wala kuwakaribia wenzao. Kipimo kimoja kilivutia zaidi. Panya akisikia kishindo cha ghafla hushtuka. Akitangulizwa sauti hafifu muda mfupi kabla ya kishindo, mshtuko hupungua, maana ubongo umeshatahadhari. Kwa watoto wa panya walioambukizwa, sauti ya kutanguliza haikupunguza mshtuko inavyotakiwa. Kasoro hiyo hiyo hupimwa kwa watu wenye skizofrenia.

Kisha watafiti walimdunga panya mwenye mimba kemikali inayoamsha kinga ya mwili kana kwamba kirusi kimeingia, ilhali hakuna kirusi chochote. Watoto walitoka na kasoro ile ile. Mwaka 2007 maabara ya Patterson ilionyesha kuwa kiungo kikuu ni interlukini-6, mojawapo ya protini ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari: dozi moja ya protini hiyo kwa mama ilitosha kuleta kasoro, na kuizuia kuliwanusuru watoto. Mwaka 2016 Gloria Choi, Jun Huh na wenzao waliihusisha protini nyingine, interlukini-17a. Kwa maelezo haya si lazima mdudu amfikie mtoto. Vita ambavyo mwili wa mama unapigana humfikia kwa njia ya kemikali, wakati ubongo wake ungali ukijengwa. Panya si binadamu, na hakuna panya mwenye skizofrenia, lakini maabara ilionyesha kuwa njia hiyo ipo.

Rejesta za kaskazini na ndugu wa tumbo moja

Nchi za Nordiki humpa kila raia namba moja ya maisha yake yote, kwa hiyo rekodi ya mama kulazwa huweza kuunganishwa na rekodi ya mtoto miaka mingi baadaye. Mwaka 2010 Hjördis Atladóttir na wenzake walichambua watoto zaidi ya milioni 1.6 waliozaliwa Denmark kati ya 1980 na 2005. Mama kulazwa kwa maambukizi ya virusi katika miezi mitatu ya kwanza, au ya bakteria katika miezi mitatu ya kati, kuliambatana na usonji zaidi. Mwaka 2019 utafiti wa Sweden wa watoto karibu milioni 1.8 uliripoti kuwa mama kulazwa kwa maambukizi kuliongeza uwezekano wa usonji kwa asilimia 79 na wa sonona kwa asilimia 24. Ajabu ni kwamba maambukizi ya njia ya mkojo yalihusishwa na hali hizo kwa kiwango sawa na maambukizi makali.

Matokeo hayo yalizua shaka mpya. Huenda baadhi ya familia zina kinga dhaifu na pia mwelekeo wa usonji, vyote viwili vikitokana na urithi au mazingira ya maisha. Mwaka 2022 Martin Brynge na wenzake wa Sweden walilipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 500,000. Walilinganisha ndugu wa mama mmoja, ambao mimba ya mmoja ilikuwa na maambukizi na ya mwingine haikuwa nayo. Pia wakaangalia maambukizi ya mwaka mmoja kabla ya mimba, ambayo hayangeweza kumgusa mtoto. Baina ya ndugu tofauti ya usonji ilipungua karibu kuisha, na maambukizi ya kabla ya mimba nayo yaliambatana na usonji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uhusiano ulioonekana katika rejesta haikutokana na maambukizi yenyewe.

Hukumu ya leo inafuata hapo. Rubella na kaswende huumiza ubongo wa mtoto, na hilo halina ubishi. Toksoplazma inayomwingia mtoto huweza kufanya vivyo hivyo. Mafua na homa za kawaida zina ushahidi wa panya ulio imara na ushahidi wa binadamu unaopingana. Kama zina mchango, basi ni mdogo, na huenda huwagusa zaidi watoto wenye urithi wa ugonjwa wa akili. Watoto walio wengi mno ambao mama zao waliugua wakiwa wajawazito hukua na akili timamu.

Somo kwa Afrika Mashariki

Ukanda huu una nafasi yake katika historia hii. Kirusi cha Zika kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano. Kwa miongo mingi kilidhaniwa kuwa homa hafifu tu, hadi mwaka 2015 watoto wenye vichwa vidogo walipoanza kuzaliwa kwa wingi Brazil. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Yaliyotokea Sydney yalijirudia: ugonjwa mwepesi kwa mama, mzito kwa mtoto.

Mwanza, nchini Tanzania, nako kulitoa ushahidi wa kudumu. Katika miaka ya mwisho ya 1990 watafiti walikuta kuwa mwanamke mmoja kati ya wanne wenye kaswende kali isiyotibiwa alijifungua mtoto mfu. Kisha wakaonyesha kuwa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, ya yuniti milioni 2.4, ikitolewa kliniki wakati wa mimba, ilishusha hatari hiyo hadi kulingana na ya wanawake wasio na ugonjwa.

Chanjo ya rubella ilianza kutumika Marekani mwaka 1969. Rwanda iliingiza chanjo ya surua na rubella mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2019. Haitolewi kwa mwanamke aliyekwisha kuwa mjamzito, na ndiyo sababu lazima imfikie akiwa mtoto. Mengine ni ya kliniki: kupima kaswende na VVU katika hudhurio la kwanza, vidonge vya SP vya kukinga malaria kuanzia miezi ya kati, chandarua chenye dawa, kutibu maambukizi ya mkojo mapema, kupika nyama hadi iive, kuosha mboga, na kumwachia mtu mwingine kazi ya kusafisha kinyesi cha paka. Hatua hizi zina faida ya hakika kwa mama na mtoto hata kabla swali la mafua halijaamuliwa.

Mama ambaye mtoto wake ana usonji au skizofrenia hana kosa la kujibu. Hakuna aliyechagua homa, na hakuna daktari anayeweza kumwambia kwa yakini kuwa homa ile ndiyo iliyoleta ugonjwa huu. Wajibu uko kwa wale wanaopanga huduma: kuhakikisha kuwa chanjo inamfikia kila mtoto wa kike na kwamba kila mjamzito anapimwa na kutibiwa siku ile ile anapofika kliniki.